Chungu Kisicho na Chumvi

Dada yangu alikuwa na mfereji katikati ya paji la uso. Haukuwa kovu la kuchanjwa. Ulichimbwa na kamba ya kikapu, kidogo kidogo tangu alipokuwa msichana, kama miguu ya watu inavyochimba njia kwenye kilima. Katika milima ya Masisi wanawake wengi wa umri wake walikuwa na alama hiyo, na hakuna aliyeitazama mara mbili. Naianza habari hii hapo kwa sababu ni alama ya kazi aliyoiacha, na namna alivyoiacha ndiyo ninayotaka kuieleza.

Nyumba yake ilisimama mahali ambapo milima inakwisha. Ukitoka Masisi kwa miguu na kushika njia ya magharibi, unapita mashamba ya maharage na mihogo, kilima baada ya kilima, halafu ghafla ardhi inainama na unauona msitu wa Walikale chini yako, ukungu umelala juu yake. Pale juu, kabla ya mteremko, ndipo mume wake alipojenga. Marehemu alikuwa mkulima, Mkristo, mtu wa ukoo uliolima kilima kile tangu zamani. Alifariki muda mfupi baada ya vita kubwa ya Wazungu kwisha. Binti zao walikuwa wameolewa mbali. Dada yangu akabaki peke yake katika nyumba ile, juu ya ardhi ya ukoo wa mumewe.

Kwa desturi yetu mjane aliweza kubaki kama nyumba ilisimama vizuri: moto unawaka, shamba linalimwa, mgeni anapokelewa. Ikimshinda, kaka mkubwa wa marehemu alimchukua akamweka nyuma ya nyumba yake. Hakuna aliyemtesa mjane wa namna hiyo. Lakini alikula kwa mkono wa mwanamke mwenziwe, na alipotaka kumpa mjukuu wake yai aliomba kwanza. Dada yangu aliogopa jambo hilo kuliko kifo. Alikuwa ameniambia hivyo waziwazi.

Ili lisimpate, alibeba mizigo. Aliteremka msituni na maharage aliyoyalima mwenyewe, na chumvi aliyoinunua kwa wachuuzi waliotoka Sake. Alikwenda mpaka upande wa Mubi, kwenye kambi za wachimbaji, na akapanda tena na madebe ya mawese. Alifanya hivyo tangu alipofiwa, na alikuwa amekwisha kuwa bibi.

Siku kazi ile ilipomshinda nilikuwa pamoja naye. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikuwa mpimaji wa maua katika shamba kubwa la pareto. Nilikuwa nimepata ruhusa ya kumtembelea ndugu Mubi, na tukakutana njiani tukirudi. Katikati ya mlima alisimama. Nilidhani anakaza kamba. Kisha magoti yake yakakunjika, akakaa kitako huku kikapu kikiwa bado mgongoni, na midomo yake ikawa rangi ya majivu. Nilinyoosha mkono kuitoa kamba kwenye paji lake.

"Kaka, usinitue," akasema. "Ukinitua hapa, sitapandisha tena."

Wapagazi wote wa njia ile walijua hivyo. Kwenye mlima mtu hapumziki kwa kutua. Anasimama na kuegemeza kikapu kwenye fimbo, kwa sababu mzigo ukigusa chini hakuna wa kukuinulia. Nilimtua hata hivyo. Madebe yake niliyapandisha mimi, na yeye akaja nyuma, akikaa kila penye jiwe.

Nilimpeleka kwenye zahanati. Infirmier, yaani mwuguzi wa pale, alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache. Alimsikiliza kifua, akamwinulia pindo la kitenge, akabonyeza kidole gumba juu ya muundi wa mguu. Alipokiondoa, shimo likabaki kama kwenye unga uliokandwa.

"Mama, unaona ile shimo?"

"Naiona."

"Kwa muntu muzima inarudia mbio. Yako imebaki. Moyo yako imechoka kusukuma, maji inashuka kwa miguu."

"Dawa iko?"

"Iko, nitakupiga shindano. Lakini ile ni dawa ndogo. Ile kubwa iko kwako. Utue muzigo. Uache chumvi. Ulale kichwa juu. Na kila asubuyi utembee kidogo, mikono mitupu."

"Nikitua muzigo, nitakula nini?"

"Ile siyui, Mama. Mimi iko infirmier, siko shemeji yako."

Dada yangu alicheka, jambo ambalo sikulitegemea. Tulipofika kwake aliingia ndani, akaning'iniza kamba ya kikapu kwenye nguzo, akaniambia nile mawese ya madebe yale kwa afya yangu, maana yeye hatayashusha sokoni tena.

Nimesoma peke yangu vitabu vichache katika maisha yangu, na nimejifunza kwamba mtu anayetaka kujua sababu ya jambo asibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Dada yangu hakuwa amesoma, na hakuna aliyemwambia. Lakini hivyo ndivyo alivyofanya. Kwanza aliacha chumvi, hakugusa kingine. Asubuhi na jioni alikaa kizingitini, akabonyeza muundi wake kwa kidole, akangoja shimo lijae. Alipoona linajaa upesi zaidi kuliko mwanzo, ndipo akaongeza la pili: alikata mti akainua kichwa cha kitanda. Akaangalia tena. Kisha akaanza kutembea.

Hapo kwenye kutembea ndipo watu walipoanza kumsema. Kwetu mwanamke hatembei mikono mitupu. Akiwa njiani asubuhi bila kitu mgongoni wala kichwani, amefukuzwa, au amefiwa, au anakwenda mahali asipotaka kusema. Kila aliyekutana naye alimwuliza kuna nini. Jirani mmoja alimfuata mpaka nyumbani kumpa pole. Dada yangu alichoka kueleza. Akachukua kikapu chake, akakijaza majani makavu ya ndizi, akayafunika vizuri, akatembea nacho kichwani kilima kizima na kurudi, mwepesi kama binti. Maswali yakakoma siku ile ile. Watu walimpongeza kwamba amepona, amerudi kazini.

Chakula kisicho na chumvi kilikuwa kigumu zaidi. Mnajua chumvi ilikuwa nini kwetu. Mlimani haipatikani, ilikuja mgongoni mwa mtu kutoka mbali, na chini msituni watu waliweza kukupa kuku kwa chumvi ya kujaza viganja. Mboga isiyo na chumvi ilikuwa mboga ya gerezani. Alipika maharage akayasukuma kando. Siku iliyofuata akajaribu tena na majani ya vitunguu. Siku nyingine na pilipili ya porini, na mawese kidogo tu, na nyanya chungu. Nilimkuta jikoni akionja na kutema, akionja na kutema, uso umekunjamana kama mtu anayepiga hesabu. Zilipofika mvua za kwanza alikuwa na chungu cha maharage ambacho mimi mwenyewe nilikula bila kulalamika mpaka karibu na mwisho.

Lakini uvimbe wa miguu ulipopungua, ghala nalo lilipungua. Nilimletea kidogo kutoka kwangu. Alipokea mara ya kwanza. Mara ya pili aliniambia, "Kaka, wewe nawe uko na nyumba. Ukinilisha, nitakuwa nimehama tayari, hata kama nalala kwangu."

Ndipo akafikiri juu ya wapagazi. Kila siku walipita mlangoni kwake, wakishuka na maharage, wakipanda na mawese, na pale juu ndipo kila mmoja alipokuwa na njaa, kwa sababu ya ule mlima. Akapika chungu kikubwa, kilichotiwa chumvi vizuri kwa ajili yao, akapanga bakuli juu ya jani la mgomba kando ya njia, akakaa.

Sasa, lazima nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawawezi kuliamini. Kwetu chakula kilichoiva hakikuuzwa. Maharage mabichi, ndiyo. Unga, ndizi, kuku, ndiyo. Hata pombe ya ndizi iliuzwa na hakuna aliyeona haya. Lakini chungu kilichotoka motoni kilikuwa cha yeyote aliyefika kikiwa motoni. Kumpimia mtu chakula cha moto na kumnyooshea mkono ulipwe, hilo halikuwa na jina.

Wapagazi waliziona bakuli, wakamwona yeye, wakaongeza mwendo. Mmoja alisimama, akanusa, akauliza bei. Aliposikia kwamba kweli kuna bei, aliacha mkungu mdogo wa ndizi chini kama anayemsaidia maskini, akaondoka bila kula. Bibi mmoja kizee alitoka kwake na fimbo, akasimama mbele ya bakuli zile.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Hakuna, Mama."

"Basi juu ya nini chakula iko inje?" Kwetu chakula kilipangwa nje siku za matanga tu.

Jioni ile dada yangu aligawa maharage yote kwa watoto wa majirani.

Habari ilifika kwa shemeji yake kabla ya chungu kuoshwa. Alikuwa mkubwa wa marehemu, mtu mrefu aliyezungumza taratibu, mwenye sauti kanisani na kwenye mipaka ya mashamba. Alikuja siku ya tatu. Nilikuwepo. Alikataa kiti cha ndani, akakaa barazani.

"Mama," akasema, "nasikia uliweka chakula kwa njia."

"Njo hivyo, Papa."

"Mugeni akifika kwa mulango ya mudogo wangu, anakula. Iko hivyo tangu baba zetu. Leo anapimiwa?"

"Papa, maharagi mubichi tunauza. Pombe tunauza. Kitu yenye inaleta haya ni nini? Ni moto?"

Alifikiri. Nampa heshima kwa hilo. Hakujibu kwa hasira. Aligeuza kofia yake mikononi, akaangalia moshi uliokuwa ukitoka kwenye nyasi za paa.

"Ndiyo," akasema. "Ni moto. Kitu yenye imepita kwa moto ya nyumba, iko ya nyumba. Haiuzwe, sawa vile mutoto hauzwe." Kisha akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali: "Kama mambo inakushinda, hakuna haya. Nyumba iko nyuma kwangu. Bibi yangu atakupokea. Tuvune kwanza maharagi. Kisha nitakuya na bijana, babebe bintu byako."

Alipoondoka dada yangu alikaa pale pale. Mwishowe akabonyeza muundi wake, akatazama shimo likijaa. Lilijaa upesi. "Angalia," akasema. "Miguu inapona, nyumba inakufa."

Mpaka leo sijui kama angepata njia bila mvua ile. Ilinyesha mchana, nikiwa kwake, mvua ya kule ambayo ndani yake huwezi kumsikia mtu aliye karibu nawe. Mpagazi mmoja aliingia mbio chini ya paa na madebe yake ya mawese. Alikuwa mtu wa msituni, wa upande wa Walikale, mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika. Chungu kilikuwa motoni, chungu cha dada yangu mwenyewe, cha mgonjwa. Kwa kuwa mgeni ameingia na chakula kiko, alimpa bakuli. Hakuna aliyefikiri juu ya biashara.

Mtu yule alitia kinywani mara moja, akasimamisha mkono.

"Mama, hii maharagi uliipika kwa matanga?"

"Juu ya nini?"

"Haina chumvi hata ya kudanganya mutoto."

"Chumvi ilinikataa. Infirmier njo alisema."

"Ilikukataa weye. Mimi ilinikataa siku gani?" Akaonja tena, akatikisa kichwa. "Na iko muzuri, hii kitu! Umepika muzuri, halafu umeiua. Chumvi hata kidogo haiko kwa nyumba?"

Ilikuwepo. Kwenye kona ulikuwapo mfuko ule aliokuwa ameununua kwa ajili ya safari ya msituni ambayo hakuifanya. Alikuwa amejaribu kuuuza mlimani, lakini kila mtu alikuwa amekwisha kununua.

"Iko," akasema. "Lakini ile ni ya kuuza."

"Basi uniuzishe! Nilikuambia unipe?"

Akamchotea kwa ncha za vidole. Mtu yule akachanganya, akala, akanyoosha bakuli, akajaziwa, akala tena. Mvua ilipokatika alifunga madebe yake, akatoa franga, akaziweka chini karibu na mfuko wa chumvi. Zilikuwa nyingi kuliko chumvi ya vidole vitatu.

"Ile imepita bei," akasema dada yangu.

"Bei ulitaja?"

"Hapana."

"Basi mimi njo nimetaja. Benzangu bako nyuma na njaa. Niwaambie nini?"

Dada yangu alimtazama yule mtu, akatazama chungu, akatazama mfuko. Nimewahi kuona watu wakishika jambo kwa akili, lakini mara chache nimeliona likishikwa mbele ya macho yangu namna ile.

"Uwaambie," akasema, "chumvi iko."

Tangu siku ile alipika chungu kimoja tu, kile kile alichokula mwenyewe, bila chumvi. Aliyefika alipewa. Hakuulizwa kitu, alikuwa mgeni, na chakula kilikuwa cha moto wa nyumba. Na kando, juu ya kigoda, ilikuwepo chumvi, inayouzwa, kama ilivyouzwa siku zote tangu babu zetu, bila haya kwa anayenunua wala anayeuza. Bei yake haikuwa siri. Kila mtu aliona kwamba ni chumvi ghali kuliko zote kati ya Sake na Mubi, na kila mtu alijua kwa nini.

Mimi nilichangia kijiko. Aliponiambia kwamba mkono mmoja huchota zaidi ya mwingine, na kwamba mpagazi mwenye maneno matamu huchotewa zaidi, nilimchongea kijiko cha mti, kifupi, cha kujaa kwa kipimo kimoja. Shida nyingine alitatua mwenyewe. Pale juu ukungu huingia hata kwenye blanketi, na chumvi ililowa ikawa tope. Aliitia katika kibuyu, akakitundika juu ya moto, mahali pakavu, na alichokitundikia ni ile kamba ya kikapu. Ilikuwa imara, ilikuwa imebeba mizigo mizito zaidi.

Walikuwepo wajanja, bila shaka. Mmoja alikuja na chumvi yake, ameifunga katika jani. Alipoifungua, wenzake walimrukia kwa maneno.

"Muangalie huyu! Anaenda kwa bukwe, kwa baba ya bibi yake, na chumvi kwa mufuko!"

"Bibi yako anajua? Ao uliiba kwake?"

"Kesho atakuya na moto yake!"

"Mumuache," dada yangu akasema kutoka jikoni. "Iko mugeni. Akule."

Alikula, masikio yamemwinama. Safari iliyofuata yule mtu alifika na mzigo wa kuni kavu juu ya madebe yake, akautupa mlangoni, na hakufungua jani tena. Wasiokuwa na kitu walifanya hivyo pia, wengine kuni, wengine maji kutoka kijitoni. Hakuna aliyewaambia. Mgeni akikaa, hushika jembe. Tulilelewa tukisikia hivyo.

Kwa franga za chumvi dada yangu alinunua maharage ya majirani, yakaja mlangoni kwake kwa migongo ya vijana wao. Mawese yalipanda mpaka kwake kwa migongo ya wapagazi. Yeye aliyekuwa akifuata bidhaa alianza kufuatwa. Asubuhi aliendelea kutembea na kikapu chake cha majani. Yule mtu wa msituni aliwahi kukutana naye, akainua jani la juu kwa uchokozi, akaona ndani.

"Mama! Unabebaka upepo?"

"Nabeba dawa. Funika."

Akafunika, na kwa mdomo wake wote ule hakumwambia mtu. Angalau si kabla ya dada yangu kuacha mwenyewe kikapu nyumbani na kutembea mikono mitupu, atakaye aseme.

Maharage yakavunwa. Shemeji alikuja kama alivyosema, mchana, na vijana wawili wenye kamba za kufungia. Nilikuwa nimekuja siku ile kwa makusudi, nikiwa na hotuba kichwani, na sikupata nafasi ya kuitoa. Ukumbi ulikuwa umejaa wapagazi wanakula. Dada yangu alimwona, akafuta mikono, akampa kiti, akamletea bakuli kwa mikono miwili.

Alikaa. Alitazama huku na huku kama mtu anayekagua mpaka wa shamba. Kisha akala, maana kukataa chakula katika nyumba ya mdogo wake kungekuwa tusi. Alitafuna polepole.

"Haina chumvi," akasema.

Yule mtu wa msituni, ambaye hakumjua, akageuka kwa furaha. "Papa, hapa chumvi ni ya kuuza! Toa franga!"

Watu wakacheka. Kisha mmoja akamnong'oneza mwenziwe, na kicheko kikakatika kutoka upande mmoja wa ukumbi mpaka mwingine.

"Papa iko mwenye nyumba," dada yangu akasema. "Mwenye nyumba hauziwe kitu. Anakula vile mimi nakula. Hii njo nakula mimi, kila siku. Hakuna chungu ingine."

Akachota kutoka chungu kile kile, akaenda akakaa mahali pake jikoni, akaanza kula. Shemeji alimtazama, akatazama bakuli lake. Kando ya mlango kulikuwa na mzee mmoja aliyekonda, aliyekuwa amemaliza kula na alikuwa anajikongoja kusimama. Shemeji akamwita.

"Papa, ulilipa nini hapa?"

Mzee akaogopa kidogo. "Sikulipa, Papa. Sikutwaa chumvi."

"Na walikupa?"

"Walinipa mara mbili."

Shemeji akainamia bakuli. Alikula yote, bila chumvi, mpaka akapangusa chini kwa kipande cha muhogo. Alipomaliza aliwageukia vijana wake, waliokuwa bado wamesimama na kamba mikononi.

"Mukae," akasema. "Mama, bijana bako na njaa."

Walikula. Mmoja wao alinunua chumvi. Waliondoka na kamba zao zikiwa zimekunjwa kama walivyokuja nazo.

Mambo yangeweza kurudi nyuma bado, maana watu walisema. Jumapili, baada ya sala, wanaume walisimama nje ya kanisa kama kawaida yao, na mmoja akamwuliza shemeji mbele ya wote, kwa sauti ya anayejua jibu:

"Eti kwa nyumba ya mudogo wako banauza chakula?"

"Nilikula pale," akajibu. "Nilishiba. Sikulipa."

"Na ile franga bantu banaachaka?"

"Ile ni ya chumvi. Weye, kwako chumvi inatokaka mbinguni?"

Wakacheka, na aliyeuliza akacheka pia kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Sidhani kama shemeji alidanganyika. Alijua kama sisi sote ni nini kilichokuwa ndani ya bei ile. Lakini alikuwa ameuliza, kwa haki, kama mgeni bado anakula katika nyumba ya mdogo wake, na alikuwa ameona kwamba anakula. Nimewaheshimu wote wawili kwa siku ile: yeye kwa kukubali alichokiona, na dada yangu kwa kuweka kitu ambacho mtu mwaminifu anaweza kukikubali.

Kabla ya miaka ya hamsini kwisha, malori yalikuwa mengi kwenye barabara ya chini, na huko Mubi watu walikaa mezani, wakataja wali na nyama, wakalipa, na hakuna aliyeuliza nani amekufa. Desturi ile ilikwisha bila mtu kuizika. Dada yangu hakubadilisha kitu. Wapagazi walipungua, lakini waliobaki walipanda kwake. Mfereji wa paji lake haukufutika. Ngozi iliyo ndani yake tu ndiyo iliyorudi kuwa laini.

Mara ya mwisho nilipomkuta shemeji pale, alikuwa amezeeka. Alifika peke yake na fimbo, akiwa amepumzika mara nyingi njiani. Niliona kutokana na tope la magotini. Hakukaa ukumbini na wengine. Alikaa nyuma, kwenye ukuta wa jikoni, akavua viatu kwa shida, akakunja mguu wa suruali. Alidhani hakuna anayemwona. Akainama, akabonyeza kidole gumba juu ya muundi wake, akakiondoa, akangoja.

Dada yangu alikuwa ametoka na bakuli. Alisimama nyuma yake, naye akaliona shimo limebaki. Alirudi ndani, akakaa muda wa kutosha ili mzee aweze kukunjua mguu wa suruali yake, kisha akatoka tena kwa kishindo.

"Papa," akasema, "utakula?"

"Nitakula." Akapokea bakuli, akalitazama. "Na kesho nitarudia. Unipikie ile yako."

"Iko ile ile, Papa. Hakuna ingine."